Yule kocha wa tumbo bapa, mwenye T-sheti ya njano, Mungu anamuona!

Binti Kitonga:
Wakuu, salamu baadaye. Niko kwenye bajaji, natetemeka, simu inaandika yenyewe.

Mnamjua. Msijifanye hammjui. T-sheti ya njano, maiki shavuni, status hamsini kwa siku za watu waliokatwa vichwa: upande huu tumbo, upande ule tumbo limehama mkoa. Huyo huyo. Programu yake ni laki tatu na nusu, unapewa chai, unga wa kukoroga badala ya staftahi, na kundi la WhatsApp la kutishana usile wali.

Mimi sikuwa nimejiunga. NILIKUWA NAFIKIRIA. Katangaza semina ya bure, njoo upime, usikilize, uamue mwenyewe. Nikasema laki tatu na nusu siyo hela ya kuokota, ngoja nikaone kwanza. Nimetoka Gongo la Mboto mpaka Sinza, dera jipya, tumboni maji matupu ili kilo zisinisaliti.

Foleni ya mzani. Ukumbi umejaa, spika zile za harusi. Nimepanda, namba hazijatulia hata, yule bwana kainama, kazisoma kwa sauti KWENYE MAIKI, halafu kasema:

"Dada, shuka kwanza, mzani upumue."

Mzani. Upumue.

Wakuu, ukumbi ulianguka. Mlinzi wa getini kaingia kuuliza kuna nini, kaambiwa, kacheka, katoka mbio kwenda kuwasimulia bodaboda. DJ kapiga ile sauti ya mbuzi. Kuna mama mmoja kanizidi mimi mara mbili, kacheka mpaka kashika ukuta, na ndiye anayefuata kwenye foleni!

Mzani wenyewe wa kioo, wa Kichina, kila nyumba upo uvunguni unaokota vumbi. Leo ndiyo umeota mapafu?

Halafu kanifuata mlangoni na fomu. "Dada usikasirike, ile ni motisha. Ukilipia leo nakupunguzia elfu hamsini." Yaani unipumzishie mzani mbele ya halaiki, halafu nikupe laki tatu!

Huyu mtu kazaliwa na mama kweli? UPUMUE!

Mchuzi wa Nazi:
Pole sana dada. Ila ulipumua?

Kigingi:
Bila picha uzi haujakamilika. Picha ya mzani, siyo yako.

Bwana Nyundo:
Chai hii. Hakuna DJ kwenye semina ya kupungua.

Shangazi Mstaafu:
DJ yupo, nilimkuta mwaka jana. Mimi aliniuliza kwenye maiki kama nimekuja peke yangu au tumekuja kikundi. Nikamwachia mate yake.

Mwanakijiji Mpya:
Samahani, ile elfu hamsini ya punguzo bado ipo? Naulizia rafiki yangu.

Binti Kitonga:
Mwanakijiji, umesoma nilichoandika? MZANI UPUMUE! Mtu mzima, mama wa watoto!

Mwanakijiji Mpya:
Nimesoma dada, na kauli ni mbaya kweli. Nauliza tu kama watu wanapungua.

Dawa Kaunta:
Wanapungua maji. Nimekaa famasi miaka. Chai za aina ile nyingi ni majani ya sena, dawa ya kuendesha. Inafanya kazi utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa huko utumbo mwembamba, kwa hiyo mafuta yako yapo palepale na unalipia kwenda chooni. Kilo za wiki ya kwanza nazo hivyohivyo. Ukikata wali na ugali, mwili unatumia akiba yake ya wanga ya kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inatembea na kama gramu 3 za maji. Ndiyo maana picha zake zote ni za mwanzo. Mwambie akuonyeshe mtu mmoja tu baada ya mwaka, tena mwenye kichwa.

La kuogopa zaidi ni unga usio na lebo. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya hatari ya moyo na kiharusi, lakini hadi leo inakamatwa imechanganywa kwenye vitu vinavyoitwa "asilia". Kabla ya kutoa hata mia, omba namba ya usajili, iwe ya TMDA, wale wa dawa, au TBS, wale wa viwango. Akikujibu kwa ushuhuda, ondoka.

Mchuzi wa Nazi:
Mkuu umeandika yote hayo, swali lilikuwa mzani ulipumua au haukupumua.

Mbeba Boksi Minnesota:
Poleni sana huko. Huku kwa wenzetu kuna Weight Watchers, programu ya kupungua, kaianzisha Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, mwaka 1963. Unapimwa pembeni, anaona mtu mmoja. Ustaarabu ni kitu cha bure ndugu zangu.

Kigingi:
Na Mei 2025 ustaarabu ukaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, deni zaidi ya dola bilioni 1. Watu wamehamia sindano za kupunguza uzito. Mwenzao wa Sinza ana maiki na ukumbi umejaa.

Mbeba Boksi Minnesota:
Wivu tu. Bado ipo.

Siti ya Dirisha:
Dada unalia kwa mzani? Mimi konda wa Mbagala kanihamisha siti mbele ya abiria wote, eti "bonge rudi nyuma, gari ibalansi". Na nauli nililipa kamili.

Bwana Nyundo:
Konda yuko sahihi kitaalamu.

Siti ya Dirisha:
Kitaalamu gani, gari lenyewe halina kioo cha nyuma!

Binti Kitonga:
Jamani, konda hana maiki. Huyu ana maiki. Mnanielewa kweli? Sauti ilitoka mpaka barabarani!

Mzee wa Gulio:
Binti, tulia nikuulize. Ule mzani ulikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo? Kama haukuhakikiwa, hizo kilo umesingiziwa.

Shangazi Mstaafu:
Wakala wa Vipimo waanzie bucha ya mtaani kwetu. Kilo inakuja na mfupa, mafuta, na kidole gumba cha muuzaji. Nikifika nyumbani nusu kilo imebaki bucha.

Mwanakijiji Mpya:
Kwetu anaweka karatasi ya gazeti kwanza, ameikunja mara nane.

Kigingi:
Shangazi, bucha hiyo haiko Manzese kweli? Kama ni ya yule mwenye kofia ya pama, namdai.

Mkulima Hasira:
Ninyi mnalilia nusu kilo. Njooni shambani muone lumbesa. Sheria inasema kifungashio kisizidi kilo 100, mnunuzi anakuja na gunia lake, anajaza, anashindilia kwa miguu, kisha analivika kilemba juu na kulishonea neti. Wanaume wanne hawalinyanyui, analipa bei ya gunia moja.

Bwana Nyundo:
Gunia hilo nalo lingeambiwa lishuke mzani upumue.

Mkulima Hasira:
Hatucheki mkuu, nimepeleka mtoto shule kwa mkopo.

Mzee wa Gulio:
Wakulima nanyi mnakubali wenyewe. Mkikataa wote siku moja, mnunuzi atakula nini?

Mkulima Hasira:
Mzee, kitunguu kikishang'olewa hakikusubiri mkutano. Kinaoza.

Binti Kitonga:
Kwa hiyo uzi wangu umegeuka wa vitunguu? Mimi NIMETUKANWA leo hii, Sinza, hadharani, na hela yangu sijatoa!

Mzee wa Gulio:
Pole binti, usimpe hata senti. Mkulima, ya Mang'ola sasa hivi gunia shilingi ngapi, bila kilemba?