Naombeni ushauri: Mzee kakubali tuongezewe mwaka wa umisheni Ujerumani bila kuniambia

Bibi_wa_Usambara
Hamjambo wanangu. Mimi ni bibi wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, natokea Lushoto kule juu Mlalo, mume wangu ni mchungaji mstaafu ana 67. Mnisamehe nikiandika kama barua, mjukuu ndo kanifungulia hii akaunti.

Tuko Ujerumani, mji mdogo eneo la Westfalia, kama saa moja kwa treni mpaka Dortmund. Tumealikwa na usharika rafiki wa kwetu, miezi 18, tunamaliza mwezi wa nne. Wajerumani walifika Mlalo kuhubiri 1891, leo wajukuu zao ndo wanatuita sisi, siku tunaagwa kanisani vigelegele mpaka barabarani, nilitoka pale kifua mbele.

Sasa maisha yenyewe. Mzee ana kidaftari cha ratiba kimejaa mpaka pembeni, Jumanne kikao, Jumatano watoto wa kipaimara, Alhamisi anapelekwa mashuleni kuelezea Afrika. Mimi naandikwa "na mkewe". Kazi yangu imekuwa kuvaa kitenge na kukaanga sambusa, mwezi wa kumi peke yake nilikaanga 240, nilihesabu. Kwetu mke wa mchungaji ana umoja wa wanawake, ana wagonjwa, ana misiba, natoka asubuhi na kanga yangu napiga hodi nyumba nne tano narudi na boga kichwani. Huku hodi haipo. Mwezi wa kwanza nilisikia mama mmoja wa kwaya anaumwa nikaenda, nikabonyeza kengele, akafungua mlango nusu akaniuliza kuna nini kimetokea. Nikamwambia nimekuja kukuona tu. Akasema asante sana, Alhamisi ijayo saa tisa itamfaa. Alhamisi nikaenda, nikakuta kashapona, kaoka na keki.

Jumapili nyingine nikawa natwanga karanga kwenye kinu changu kidogo, jirani wa chini akapanda, wala hakugomba, akanyoosha tu kidole kwenye kalenda ya ukutani. Jumapili hakuna kelele. Yaani mke wa mchungaji nafundishwa kuitakasa siku ya Bwana! Na kanisani kwenyewe viti mia tatu tunakaa ishirini na kitu, wazee wenzetu, hakuna mnada wa ndizi wala kuku baada ya ibada, wanadondosha sarafu basi maana kodi ya kanisa inakatwa pamoja na kodi ya mapato.

Baridi siilalamikii, mimi Msambaa. Ila giza jamani. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi na dakika ishirini limezama, mzee yuko kikaoni, mimi na dirisha.

Kitu kimoja tu nakipenda, Ijumaa nyumba ya wazee. Kuna bibi wa miaka 91, mwanae mwenyewe hamkumbuki jina. Siku ya kwanza sina Kijerumani cha kuongea naye, nikaanza kumwimbia wimbo wa kanisani kwetu, tuni si wao ndo walituletea, akadakia ubeti wa pili kwa Kijerumani mpaka mwisho. Alinikamata kidole gumba hakuachia mpaka chai ikaja.

Basi wiki iliyopita kwenye kahawa baada ya ibada mama mmoja ananipongeza, nasikia mnabaki na sisi mwaka mmoja zaidi. Nikatabasamu, kikombe nikakiweka nje ya kisosi. Mzee alishakubali kwenye kikao! Nyumbani nimemwacha mama yangu ana miaka 86, na kitukuu kazaliwa mwezi wa nane namwona kwenye simu tu. Nikimgusia anasema kazi ya Mungu haina kustaafu. Nikipinga naonekana napinga wito. Nifanyeje?

Kigoda_cha_Nyuma
Sambusa 240 bi mkubwa, kwa bei za huko si ungeshafungua mgahawa. Nimekaa hapa nasubiri wenye akili waje.

NesiWaBochum
Shikamoo mama. Mimi nipo Bochum, hapo karibu na Dortmund, mwaka wa sita, nafanya kazi nyumba ya wazee, kwa hiyo naongea ninachokiona kila siku.

Kwanza usisaini kitu chochote kwa sasa. Pili angalia kibali chako cha kuishi kinaisha lini, cha kwako kimefuata cha mzee, na kuongeza mnaomba kabla hakijaisha, sio baada. Tatu, na hili wengi hawalijui, kwenda nyumbani haikuzuii kurudi ila usizidishe miezi sita nje ya Ujerumani, ukizidisha hicho kibali kwa kawaida kinakufa chenyewe. Kwa hiyo mama kuna njia ya katikati, unaweza kwenda kumwona mama yako na kitukuu miezi miwili ukarudi.

Halafu toka ndani. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima ilianza euro 49 mwaka 2023, sasa ni 63, waambie usharika wakulipie na wewe, maana nina uhakika mzee kalipiwa. Miji mingi ina shule ya watu wazima, inaitwa Volkshochschule, kajiandikishe Kijerumani. Dortmund kuna maduka ya Waafrika, kisamvu unakipata kimeshatwangwa kiko kwenye friza, utakula Jumapili bila kesi na jirani. Na giza lisikutanie, mwambie daktari akupime vitamini D, mimi mwenyewe ngozi nyeusi hii nilikutwa iko chini.

Huyo bibi wa kidole gumba usimchukulie poa. Tuna wazee humu hakuna anayewashika mkono zaidi ya sisi tunaowaogesha.

Mchaga_Mkavu
Mama kubali. Mwaka mmoja ni nini? Watu wanauza mashamba waje huko wewe umepelekwa bure unalia giza.

Bibi_wa_Usambara
Mchaga, mwanangu, kama ni nafasi chukua yangu, ila uje na mikono ya kukunja sambusa.

MtotoWaMchungaji
Mchaga acha hizo. Wazazi wangu walikuwa wamisheni Msumbiji kaskazini miaka minne. Mama hakusema kitu hata siku moja, kila kitu "sawa baba". Waliporudi alihamia chumba cha wasichana na hakukaa meza moja na baba karibu mwaka mzima. Sisi watoto ndo tulikuwa tunabeba ujumbe, mwambie baba yako chai tayari. Sema sasa hivi mama.

Ila ukikaa naye usianze na kwa nini hukuniambia, atajitetea na Biblia hapo hautamweza. Muulize akirudi Mlalo atafanya nini. Nina wasiwasi jibu la mambo yote liko hapo.

Mzee_wa_Mwambao
Dada yangu, mimi Muislamu wa Tanga mjini, dini mbali ndoa ile ile. Waliokutuma ni dayosisi yako, sio hao wa kwenye kahawa. Kuongeza muda si lazima nyumbani waandike barua? Basi bado kuna nafasi. Kama mzee hasikii kwako mtumie mkuu wa jimbo wa kanisa lenu au mchungaji rika lake amnong'oneze, mambo mengine mwanaume anayasikia vizuri yakitoka kwa mwanaume mwenzie, ujinga lakini ndo tulivyo.

Bibi_wa_Usambara
Nimerudi wanangu, siku kumi sasa. Nilifanya hivi. Usiku nikachukua kile kidaftari chake, nikatafuta Alhamisi saa tisa, nikaandika "Mkewe". Alhamisi saa tisa kamili akaingia jikoni kavaa tai, kidaftari mkononi, hajui acheke au la. Nilikuwa nimeoka keki.

Nikamuuliza swali la MtotoWaMchungaji. Alikaa kimya mpaka chai yake ikapoa. Akasema kule nyumbani tangu astaafu anaitwa kuombea chakula tu, mchungaji kijana yupo na anafanya vizuri, huku anajua Jumatano kuna watoto kumi na wanne wanamsubiri. Miaka 41 ya ndoa hakuwahi kuniambia hilo.

Tumekubaliana hivi, barua ya dayosisi haijaandikwa kwa hiyo ataomba miezi sita sio kumi na mbili, kibali kikishatoka mimi natangulia nyumbani miezi miwili kwa mama na kitukuu, halafu narudi tumalizie pamoja. Tiketi ya 63 wamenilipia, ni kweli ya kwake walikuwa wanailipa tangu tumefika. Kijerumani naanza Jumatatu.

Sambusa za Pasaka walikuwa wameshaniandikia 120. Nimewaambia waje jikoni kwangu wajifunze kukunja. Wamekuja watatu, kwa miadi, wa kwanza kakunja kama bahasha ya barua, mafuta yakaingia ndani, nyama yote ikabaki kwenye karai.