Uliwahi kuteleza au kujikwaa mahali pa watu ukadai fidia? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mwenyewe. Ngazi za jengo la ofisi zimetoka kupigwa deki, kibao cha tahadhari hakuna. Nikateleza, kifundo kikateguka. Aibu ikazidi maumivu: nikainuka fasta nikicheka, "siyo kitu, niko sawa." Wiki iliyofuata kiatu hakiingii. Kuwaandikia barua, wananijibu kwamba mwenyewe nilisema niko sawa. Maji yalishakauka, picha sina. Nyie ilikuwaje?

Mama Pacha:
Pole ndugu yangu. Mimi nilijikwaa kwenye kigae kilichoinuka mlangoni. Nikiwa bado chini nikamwambia mwanangu apige picha, aweke na kiatu changu pembeni ili kimo cha kigae kionekane. Mfagiaji akaropoka, "Si tulishawaambia hicho kigae!" Neno hilo ndilo lililonibeba, walilipa bila kufika mahakamani. Ila walipunguza kiasi, eti nilikuwa naangalia simu. (Ni kweli, nilikuwa naiangalia.)

Karani Mstaafu:
Mama Pacha kagusa penyewe. Kuanguka tu hakutoshi. Kinachoulizwa ni kama mwenye eneo aliijua hatari, au ilikaa muda mrefu kiasi kwamba alipaswa kuiona. Kule Massachusetts, Marekani, kuna kesi mbili za maganda ya ndizi kwenye stesheni za treni. Ya mwaka 1901 abiria alishindwa, maana ganda lingeweza kuwa limedondoshwa dakika hiyohiyo. Ya 1911 abiria alishinda: mashahidi walisema ganda lilikuwa jeusi, kavu, limekanyagwa likalala bapa. Kwa hiyo ukipiga picha, piga na uchafu wenyewe kwa karibu, siyo goti lako tu.

Mtu wa Deki:
Mimi nilikuwa upande wa pili, msafishaji. Kila saa tulitakiwa kukagua sakafu na kusaini daftari. Nani ana muda huo? Tulikuwa tunasaini asubuhi kwa mkupuo, siku nzima. Siku moja mteja akaanguka saa tano asubuhi, na nduguye akalipiga picha daftari palepale ukutani. Lilikuwa limeshasainiwa mpaka saa kumi jioni. Meneja alilisoma mbele ya wakili wao, akalifunga taratibu, akaomba wazungumze kiasi.

Mwanzisha mada:
Saa kumi jioni! Haya, na ukianguka kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, anadaiwa mpangaji au mwenye nyumba?