Mrejesho: Labrador anayelia akiachwa peke yake

Wakuu, niliuliza kuhusu mbwa wangu wa aina ya Labrador anayebweka na kutafuna fremu ya mlango kila nikitoka. Ameanza kutulia. Kilichosaidia zaidi ni lile zoezi la funguo: nazishika, navaa viatu, kisha nakaa zangu kwenye kochi, mpaka mlio wa funguo ukaacha kumtia kiwewe. Ndipo nikaanza kutoka kwa sekunde chache, baadaye dakika, nikirudi kabla hajaanza kulia. Matembezi ya asubuhi yanasaidia kiasi. Mpira uliojazwa chakula haukufua dafu. Akiingiwa na hofu hagusi kitu, na huyu ni Labrador, mbwa wanaojulikana kwa kupenda kula! Mliosema nimchape, hapana. Mbwa anayekojoa mlangoni kwa woga hamkomoi mtu. Kumwacha kutwa nzima bado. Jirani anakaa naye.