Naomba ushauri: kupima aseniki katika kisima kilicho jirani na marudio ya dhahabu

Ndugu zangu, mimi ninaishi Tabata, Dar es Salaam, lakini wazazi wangu wako kijijini mkoani Geita, ambako kisima chao kipo hatua zisizozidi sitini kutoka kwenye lundo la marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu) lililoachwa na wachimbaji wadogo. Nilipokwenda mwezi uliopita niliona mvua ikiteremsha tope la kijivu hadi kwenye matuta ya mchicha wa mama, na viganja vya baba vimeota vigaga vigumu kama punje za mtama, jambo ambalo limeninyima usingizi.

Mwamba wenye dhahabu mara nyingi hubeba pia madini ya arsenopairaiti, ambayo yakishasagwa na kupata hewa na maji huachia aseniki. Sumu hiyo haionekani wala hainuki, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mama huchemsha kila siku akiamini ameyasafisha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu kwa lita.

Kwa wenye uzoefu wa maabara: sampuli niichukue kwa chombo gani, na niihifadhi vipi safarini ndani ya basi hadi ifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Je, nipime udongo na mchicha pia, au nianze na maji? Wakati tunasubiri majibu, maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati yatawafaa kwa kunywa? Na baba, nimpeleke kwanza kwa daktari wa ngozi au apimwe mkojo?