Mliopoteza uwezo wa kunusa, tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Miezi minane sasa sisikii harufu yoyote. Nilipata UVIKO-19, homa ikaisha, mafua yakakauka, ila pua haikurudi. Kahawa nikiinywa napata uchungu na joto lake tu. Ndipo nilipojua kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hutoka puani, si kwenye ulimi. Lakini chakula si kinachoniuma zaidi. Mwanangu ana miezi mitano na sijui harufu yake. Nikimweleza mtu, ananijibu, "Afadhali, husikii uvundo." Aliyepitia hili tafadhali asimulie.

Mchangiaji wa 1: Pole sana. Mimi nilianguka ngazini nikapiga kisogo. Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza kuwa nyuzi za neva ya kunusa hupita kwenye vitundu vya mfupa juu ya pua, na kichwa kikipata mshtuko mkubwa zinaweza kukatika. Mwaka wa sita sasa. Siku moja sufuria iliungua jikoni nami niko sebuleni nasoma, nikashtuliwa na moshi machoni. Tafadhalini wekeni king'ora cha moshi na cha gesi. Ile harufu kali inayotiwa kwenye gesi ili ikivuja ijulikane, kwetu haisaidii.

Mchangiaji wa 2: Kwangu vilikuwa vinyama puani. Nikapasuliwa, harufu zikarudi. Kapimwe kwanza.

Mchangiaji wa 3: Zangu zilirudi zimevurugika. Kahawa ikanuka mpira unaoungua, sabuni ikanuka kitu kilichooza, hata mume wangu nikashindwa kumkaribia. Alihamia chumba kingine bila neno, nikalia usiku kucha. Daktari akanituliza: seli za kunusa huota upya, na vurugu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba zinaamka. Nikaanza mazoezi ya kunusa ambayo mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kila moja kama sekunde 10, kwa wiki 12. Mimi nilikwenda miezi tisa. Karafuu ilitangulia, hafifu mno, nikadhani najidanganya.

Mwanzisha mada: Asanteni, nimesoma kila neno. Leo asubuhi nimenusa karafuu, sijapata kitu. Jioni narudia. Mchangiaji wa 3, ulikuwa unafumba macho?