Ukoo wa Wete na Mjini: gemu la karafuu

Mama Rayyan: Asalaam alaykum nyote. Rayyan kafika miaka 7, anataka kutengeneza gemu lake mwenyewe, si kucheza tu. Tuanze na nini? Ipo laptopu kuukuu ya Windows, na bando ni la kubana.

Ami Said: Waalaykum salaam. Scratch, programu ya kutengeneza magemu kwa kupanga bloku, yaani vipande vya amri. Ni ya chuo cha MIT kule Marekani, ipo tangu 2007, ya bure. Pakua programu mara moja tu, baada ya hapo haihitaji intaneti. Juu pana Settings, ndani yake Language yenye tufe la dunia, bofya uchague Kiswahili.

Bi Mwanakombo: Wameitengeneza kwa wa miaka 8 hadi 16, lakini wa 7 anayejua kusoma anaiweza akikaa na mkubwa. Asiyesoma bado apewe ScratchJr, ndugu yake ya wadogo, kwenye tableti, bloku zake ni picha. Ila humo hakuna pa kuhesabia alama (pointi) za mchezo.

Mama Rayyan: Anasoma. Anataka karafuu zianguke azidake kwa pakacha.

Ami Said: Zuri sana hilo, vitu viwili tu. Achore mwenyewe, usimchoree. Jukwaa, pale gemu linapochezwa, lina upana 480 na kimo 360, sifuri iko katikati; x ni kulia na kushoto, y ni juu na chini. Pakacha likae y -140. Karafuu ianzie y 170, x yoyote ya kubahatisha kati ya -220 na 220, kisha ndani ya bloku ya milele, inayorudia bila kukoma, y ibadilike kwa -3. Scratch inazunguka mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo inafika kwenye pakacha kwa sekunde tatu na kitu. Ukitia -10 ni sekunde moja tu, hadaki hata moja, atakata tamaa.

Baba Nassor: Pakacha msilitembeze kwa bloku ya "mshale ukibonyezwa". Linapiga hatua moja, linasita, ndo linaendelea. Kibodi ndivyo ilivyo. Tieni ndani ya milele: kama mshale wa kulia umebonyezwa, badilisha x kwa 10. Wa kushoto -10. Kwenye tableti hakuna mishale, x ya pakacha ifuate x ya kipanya, hapo kidole kinatosha.

Mama Rayyan: Mashaallah linakwenda. Lakini akidaka moja alama zinapanda mpaka 20!

Bi Mwanakombo: Karafuu bado inaligusa pakacha, kila mzunguko inahesabiwa tena. Ikishaongeza 1, irudi juu palepale.

Mama Rayyan: Imekubali. Na inayomponyoka inaganda chini.

Baba Nassor: Bila shaka mmeweka "y chini ya -180" ndipo irudi juu. Scratch haiachi kitu kitoke chote nje ya jukwaa, na kidogo kama karafuu hakifiki huko. Wekeni -170.

Ami Said: Sauti ya kudaka arekodi yake. Tumieni "anza sauti", maana ile ya kucheza hadi iishe inaizuia karafuu isirudi juu mpaka sauti imalizike. Na bendera ya kijani ikibofywa alama zirudi 0, la sivyo anaanza na za jana.

Bi Mwanakombo: Mama Rayyan, kipanya kisitoke mkononi mwake tafadhali. Kitu kikigoma, asome bloku kwa sauti kutoka juu, moja moja. Kosa ataliona mwenyewe, na raha yote ya mtoto iko hapo.

Mama Rayyan: Sasa anataka na makonyo (vijiti vya karafuu), akiyadaka alama zipungue 😂

Baba Nassor: Hifadhini kwanza kwa jina jipya, karafuu2, umeme usije ukawakatia. Kisha bofya karafuu kwa kitufe cha kulia, nakili, abadili mchoro, na ile 1 iwe -1.