Wahakiki wa gemu Kisumu na Nakuru, mlichezea simu gani?

Wadau, leo sipaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Gemu ya mtu aliyeihangaikia mwaka mzima inahukumiwa kwa video ya dakika nne, na tatu kati ya hizo ni mhakiki kujitambulisha na kuomba kengele ibonyezwe. Halafu hukumu: "Gemu inakwama, picha za kawaida, 5 kwa 10." Basi. Simu gani? Toleo lipi la gemu? Ulicheza hadi wapi? Kimya.

Mnunuzi wa kawaida kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, akiandika sentensi moja ya matusi, ukurasa wenyewe unaonyesha amecheza saa ngapi. Yaani mtu anayetukana bure ana ushahidi kuliko nyinyi mnaojiita wahakiki.

Simu si jambo dogo. Vijana wengi wa Kondele kule Kisumu na Bondeni kule Nakuru wanachezea simu ya RAM ya GB 2 au 3. Wewe unajaribu kwenye simu ya bei mbaya yenye skrini ya 120Hz, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, unarudi kutuambia gemu ya kukimbia "ni ngumu kupita kiasi, mhusika anaruka kama amepagawa". Si ugumu huo. Mtengenezaji ameandika mwendo kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, badala ya kwa kila sekunde, kwa hiyo kwenye skrini ya 60Hz mhusika anatembea sawa na kwenye 120Hz anakwenda mara mbili. Dawa ni kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, kazi ya mistari michache. Ungetaja simu yako, angeigundua jioni hiyohiyo. Hukutaja, akaenda kupunguza kasi ya gemu nzima, na sasa wenye simu za kawaida wanacheza konokono.

Wa kuudhi zaidi ni anayechezea emuleta, programu ya kuigiza simu ndani ya kompyuta, kisha anasifu vitufe vya kugusa. Umegusa nini, kipanya?

Sasa hilo la "inakwama". Kuna magonjwa manne tofauti humo ndani, na kila moja lina dawa yake.

Kuna kushtuka kwa mara moja. Mlipuko wa kwanza unatokea, picha inasimama nusu sekunde, mlipuko wa pili unapita laini. Hapo simu ilikuwa inatayarisha sheda, vile vijiprogramu vinavyoiambia chipu ya picha ipake rangi vipi. Mtengenezaji anatakiwa kuvionyesha vitu hivyo vyote kwa siri nyuma ya skrini ya kupakia, kabla mchezo haujaanza.

Kuna kukwama kunakorudi kila baada ya sekunde chache. Kwa gemu zilizotengenezwa kwa injini ya Unity, mshukiwa wa kwanza ni ule usafishaji wa kumbukumbu unaojiendesha wenyewe: kila risasi inaundwa, inaharibiwa, takataka zinarundikana, halafu kila kitu kinasimama zizolewe. Dawa yake: unatengeneza risasi 50 mwanzoni, unazificha, unazitumia tena na tena. Mhakiki anayesema tu "injini mbovu, ahamie Godot" hajasema kitu. GDScript, lugha ya injini hiyo ya Godot, haina usafishaji wa namna hiyo, kweli, lakini ukiunda na kufuta vitu mamia kila sekunde hata huko simu italia.

Kuna joto, na hili ndilo linalonichoma zaidi kwa sababu ni letu kabisa. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Tuseme gemu inatumia 14. Simu ikipata moto, chipu inapunguza kasi ili isijiunguze, kazi ileile inachukua 22, na fremu zinaanza kuanguka. Anayejaribu Nakuru asubuhi na baridi yake, dakika tano, hataona chochote. Aliye Nyalenda, Kisumu, saa nane mchana chini ya mabati ataona vizuri sana. Kipimo chake si kigumu: chomoa chaja, weka mwangaza nusu, zima programu nyingine, cheza hatua ileile ya gemu mfululizo, linganisha dakika ya kwanza na ya 20. Ukipima simu ikiwa kwenye chaja unapima joto la chaja pia. Nanyi watengenezaji, wekeni chaguo la fremu 30. Thelathini zilizotulia zinachezeka kuliko sitini zinazorukaruka.

La nne si kukwama, ni kufa. Simu inaita, unaongea, ukirudi gemu inaanza upya na kila ulichopata kimepotea. Android inaua programu iliyo nyuma, ile uliyoiacha bila kuifunga, pale RAM inapobana, na gemu nzito iko hatarini zaidi kunyongwa. Pigeni hesabu: picha moja ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa inakula MB 16 za kumbukumbu. Kumi ni MB 160, na hujaweka sauti wala adui. Zibane kwa ETC2, muundo wa picha ambao chipu ya picha inausoma ukiwa umebanwa vilevile, kila moja inashuka hadi MB 4. Kubana PNG kwenye diski hakusaidii hapa, maana ikifika kwenye kumbukumbu inafumuka yote. Nashangaa bado kuna watu wanabishana kuhusu hili. Na hifadhini maendeleo ya mchezaji mara tu gemu inapokwenda nyuma. Msingoje abonyeze kitufe cha kutoka, Android haina deni la kuwaaga. Andika faili jipya pembeni, likikamilika ndipo ulipatie jina la lile la zamani, ili betri ikizima katikati mtu asibaki na nusu faili.

Mhakiki hahitaji kujua dawa zote hizi. Anahitaji kusema ni kukwama kupi, wakati gani, kwenye simu gani. Hatuombi huruma. Vitufe vikiwa vidogo chini ya milimita 9 hivi, ambazo ndizo dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android) anazoshauri Google, sema ni vibaya, hata kama gemu imetengenezwa na mtoto wa shangazi yako. Neno "Mipangilio" likikatwa nusu ndani ya kitufe, sema. Herufi ĩ na ũ za Kikuyu zikitoka kama visanduku vitupu kwa sababu fonti haina, sema. Washa hali ya ndegeni uone kama gemu ya kucheza peke yako inagoma kufunguka bila bando. Hayo hamyagusi, mnakimbilia kulinganisha gemu ya watu wawili na GTA.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Anayemwomba mtengenezaji "kitu kidogo" ampe nyota tano anamtumbukiza shimoni, kwa sababu Google Play inakataza nyota za kununuliwa na gemu inaweza kuondolewa. Na wanaoomba funguo za Steam, zile namba za kufungulia gemu bila kulipa, kwa barua pepe wakidai ni wahakiki wakubwa, msiwape. Wengine wanaziuza tu. Steam ina Curator Connect, njia yake ya kuwatumia wahakiki gemu: nakala inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mhakiki bila ufunguo wa kuuzwa.

Halafu koma kabisa kutoa alama kwa toleo la majaribio. Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google Play, iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, haiwezi kutoa gemu kwa umma kabla ya wajaribu 12 kukaa ndani siku 14 mfululizo. Walikuwa 20, wakapunguzwa mwaka 2024. Mtu ameshalipa dola 25 za usajili, anatafuta watu 12, anakukaribisha kwa roho safi, nawe unakwenda kutangaza "4 kwa 10". Huo ni ushenzi. Ukijitoa siku ya tisa unaweza pia kumrudisha nyuma kwenye hesabu yake.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza afanyeje vipimo hivi bila kompyuta. Fungua mipangilio, gusa nambari ya muundo mara saba, chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo kuna cha kuonyesha kasi ya skrini, na kingine cha kuua kila shughuli mara tu unapoiacha. Washa hicho cha pili, cheza kidogo, toka, rudi. Gemu isipokumbuka ulipokuwa, umepata hitilafu ya kuripoti. Kizime ukimaliza, la sivyo programu zako zote zitakuwa zinaanza upya kila ukizirudia.

Na watengenezaji: wekeni namba ya toleo kwenye kona ya skrini ya kwanza. Mhakiki ataandikaje asichokiona?